Pauni 180 za Mchungaji Samson Occom

Mwezi Septemba mwaka 1768, nyumbani kwake Mohegan katika koloni la Connecticut, mchungaji mmoja wa Kipresbiteri alishika kalamu akapiga hesabu. Kwa miaka 12 alikuwa amefundisha na kuhubiri kati ya Wamontaukett, wenyeji wa ncha ya mashariki ya kisiwa cha Long Island. Kwa kazi ya miaka yote hiyo, wakubwa wa umisionari waliokuwa Boston walimlipa pauni 180. Akaandika pia habari za mmisionari mwingine, kijana asiye na mke, ambaye mabwana haohao walimtuma mahali pengine. Huyo alipewa pauni 100 kwa mwaka mmoja. Mkalimani wake akapewa 50, na mtu wa kumjulisha kwa wenyeji akapewa 30. Jumla yake ni pauni 180 kwa mwaka mmoja.

Mchungaji aliyeandika hesabu hiyo aliitwa Samson Occom. Yule kijana alikuwa Mzungu. Occom alikuwa Mmohegan, mmoja wa wenyeji asilia wa nchi ambayo baadaye ilikuja kuwa Marekani. Hakuwa na mkalimani wala mjulishaji. Kwa Wamontaukett alikuwa mwalimu, mhubiri, mwandishi wa barua zao, mwamuzi wa magomvi yao na mtu wa kuwatazama wagonjwa.

Waraka huo wa kurasa kumi, ambao haukuchapishwa hadi mwaka 1982, aliuandika kwa sababu watu walikuwa wameeneza uvumi kwamba yeye si Mmohegan halisi, na kwamba aliokoka juzijuzi tu ili apelekwe Uingereza kuchangisha fedha. Akaamua kusimulia maisha yake mwenyewe. Mwishoni akaweka kisa cha mvulana mwenyeji, maskini, aliyewekwa kwa mkulima Mzungu afanye kazi, naye akawa anapigwa karibu kila siku. Mvulana alipoulizwa kwa nini, alisema labda ni kwa kuwa hajui vizuri kuongoza ng'ombe wa plau, lakini akaongeza kuwa mara nyingi anapigwa kwa sababu tu ya kabila lake. Occom akasema hilo ndilo lililompata na yeye: hakujiumba, Mungu ndiye aliyemuumba hivyo.

Makanisa mengi yameandika historia za wachungaji wao wa kwanza wa mipakani, watu waliopanda farasi wakavuka mito na misitu kwenda kuhubiri mahali pasipo kanisa. Huyu naye alipanda farasi, akavuka mito na kulala porini. Tofauti yake ni kwamba nchi iliyoitwa mpaka na waliomtuma ilikuwa kwao.

Alizaliwa mwaka 1723. Watu wake waliishi kwa kuwinda na kuvua, wakihama kwa majira, wakilala katika vibanda vya kuezekwa kwa mikeka. Wakati huo ardhi yao ilikuwa inamegwa kila mwaka na walowezi. Dini ya Wazungu waliisikia kwa mbali na hawakuijali sana, hadi ulipofika ule moto wa miaka ya 1739 na 1740 unaoitwa Uamsho Mkuu, pale wahubiri walipoanza kuzunguka koloni hadi koloni wakihubiri hata viwanjani, watu wakilia na kuanguka. Occom alikuwa na miaka 16 hivi. Moyo wake ulishikwa, na mama yake Sarah aliokoka pia. Kijana akajitafutia kitabu cha kujifunzia alfabeti, akawa anakwenda kwa majirani Wazungu wamsaidie kusoma. Mwaka 1742, akiwa bado kijana, aliteuliwa kuwa mmoja wa washauri wa mtawala wa Wamohegan, na huko barazani akaona kwa macho yake jinsi watu wasiojua kusoma wanavyopokonywa ardhi kwa karatasi.

Desemba 1743 alikwenda mji wa Lebanon kwa mchungaji Eleazar Wheelock kuomba afundishwe. Alitarajia kukaa wiki chache. Akakaa miaka minne. Alisoma Kiingereza, Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, hadi macho yakamharibikia na tumaini la kwenda chuo kikuu likaishia hapo. Mafanikio yake yalimpa Wheelock wazo: kama mwenyeji mmoja ameweza hivi, mbona isianzishwe shule ya kuwafundisha wengi, kisha warudi kuwahubiria watu wao? Shule ilifunguliwa mwaka 1754. Wheelock alikuwa na bidii na aliamini anachokifanya. Alikuwa pia mmiliki wa watumwa.

Mwaka 1749 Occom alifika Montauk. Hapo ndipo pa kukaa naye kidogo, maana sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayetaka kujua kazi ya mchungaji wa mpakani ilivyokuwa siku kwa siku, na yeye mwenyewe aliieleza kwa undani.

Shuleni alikuwa na watoto wapatao 30. Aliona wapo wanaoweza kuimba alfabeti yote kwa mpangilio lakini ukiwaonyesha herufi moja peke yake hawaijui. Akakata vipande vidogo vya karatasi, akaandika herufi, akazigundisha juu ya vibao vidogo vya mti wa mwerezi, akavichanganya sakafuni. Kisha akawa anamtuma mtoto mmojammoja akamletee herufi anayoitaja. Mtoto akikosea anarudi kutafuta tena. Leo vifaa vya aina hiyo vinauzwa madukani kwa ajili ya shule za chekechea; yeye alivibuni kwa kisu, gundi na mabaki ya mbao, katika kijiji cha wavuvi.

Jumapili aliongoza ibada mara tatu, na katikati ya juma jioni moja tena. Alifundisha katekisimu, aliimbisha zaburi, alizika. Aliwakaribisha nyumbani wageni waliotoka mbali, na ukarimu huo ulikula akiba ndogo iliyokuwapo. Mwaka 1751 alimwoa Mary Fowler, binti wa Kimontaukett, mmoja wa wanafunzi wake. Baadaye walipata watoto kumi. Mshahara haukutosha, kwa hiyo alilima mahindi, viazi na maharage, akafuga nguruwe, akavua samaki na kuwinda ndege kabla ya shule na baada ya shule. Alichonga vijiko na pawa za mbao, akatengeneza ndoo na vyombo vya kusukia maziwa, akaunda vitako vya bunduki, akajalidi vitabu vikuukuu vya majirani Wazungu wa East Hampton. Mwaka nenda mwaka rudi aliwaandikia wakubwa wa Boston akiwaeleza hali yake, nao walimjibu kwamba anaishi kwa gharama kubwa mno.

Alifanya kazi ya mchungaji kwa miaka kumi kabla ya kuwekewa mikono. Presbiteri ya Suffolk ilimtahini, na mwishoni mwa Agosti 1759, huko East Hampton, ikamweka wakfu.

Mpaka halisi, kwa maana ya Wazungu, aliufikia mwaka 1761 alipotumwa kwa Waoneida, katikati mwa New York. Aliandamana na shemeji yake, David Fowler. Vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilikuwa havijamalizika, na watu aliokwenda kuwahubiria walikuwa wamechoka kuombwa askari na pande zote mbili. Fowler alirudi na vijana watatu wa Kimohawk kwa ajili ya shule ya Wheelock. Mmoja wao alikuwa Joseph Brant, ambaye baadaye jina lake lilitetemesha mipaka yote ya New York katika vita vya uhuru wa Marekani.

Mwaka 1764 Occom alirudi kuishi Mohegan, na mara akajikuta ndani ya kesi. Wamohegan walikuwa wakiishtaki serikali ya koloni la Connecticut kwa kuwanyang'anya ardhi, kesi iliyoanza tangu mwanzoni mwa karne hiyo. Mchungaji akasimama upande wa watu wake. Wakubwa wa kanisa wakaona ameingilia siasa, wakamtaka aombe radhi, naye mwaka 1765 akaomba radhi kwa maandishi. Naisoma radhi hiyo kwa uchungu. Mtu ana watoto wa kulisha, leseni yake ya kuhubiri iko mikononi mwa watu wenye maslahi katika ardhi inayogombewa, na anaambiwa kwamba kuitetea ardhi ya baba zake ni kosa la kiroho. Kesi yenyewe iliamuliwa London mwaka 1773, na Wamohegan wakashindwa.

Ni mtu huyohuyo ambaye Wheelock alimhitaji mwaka huohuo wa 1765. Shule haikuwa na fedha. Wheelock alifahamu kwamba Mzungu akienda Uingereza kuomba sadaka kwa ajili ya wenyeji watu watatoa kidogo, lakini mwenyeji mwenyewe akipanda mimbarini na Biblia yake, akihubiri kwa Kiingereza safi, mifuko itafunguka. Tarehe 23 Desemba 1765 Occom aliondoka Boston kwa meli pamoja na mchungaji Nathaniel Whitaker. Aliiacha familia yake chini ya ahadi ya Wheelock kwamba itatunzwa.

Uingereza ilimpokea kwa shangwe. George Whitefield, mhubiri aliyekuwa maarufu kuliko wote wakati huo, alimkaribisha London na kumpa mimbari yake mwezi Februari 1766. Alichanjwa ndui, akapona, akaendelea. Waigizaji wa majukwaani wakaanza kumwigiza, jambo aliloliandika katika shajara yake. Kwa zaidi ya miaka miwili alizunguka Uingereza na Scotland, akahubiri zaidi ya mara 300. Mfalme George wa Tatu alitoa pauni 200. Lord Dartmouth aliongoza bodi ya kuzitunza fedha hizo, na zilizochangwa Scotland zikawekwa chini ya chama cha umisionari cha huko. Jumla yake ilizidi pauni 12,000. Tuzipime kwa kipimo chake mwenyewe: kwa kiwango alicholipwa Montauk, pauni 15 kwa mwaka, angehitaji kufundisha miaka 800 ili azipate.

Aliporudi mwaka 1768 alimkuta mke wake katika dhiki. Ahadi ya Wheelock ilikuwa imetimizwa nusunusu. Kisha Wheelock akamweleza mpango mpya. Shule itahama Connecticut, itakwenda kaskazini New Hampshire, itakuwa chuo. Hati yake ilitolewa Desemba 1769, na chuo kikaitwa Dartmouth, kwa jina la yule Lord. Hati ilisema ni kwa ajili ya vijana wa makabila ya wenyeji, na pia vijana wa Kiingereza. Mara chuo kilipofunguliwa, hao wa Kiingereza ndio waliojaa madarasa.

Mwaka 1771 Occom alimwandikia mwalimu wake barua ambayo kwa maoni yangu ni moja ya barua nzito kabisa zilizowahi kuandikwa na mchungaji kwa mchungaji. Alimwambia kwamba chuo kimekuwa mama mweupe mno kuweza kuwanyonyesha watoto wa rangi nyingine. Alimkumbusha kwamba yeye aliiacha familia akavuka bahari, akakubali kutazamwa na umati kama kioja, kwa sababu aliamini anawatafutia elimu ndugu zake. Alimwambia pia kwamba Whitefield alikuwa amemwonya wakiwa Uingereza: wanakutumia kupatia fedha, ukishafika nyumbani watakuacha. Barua hiyo haina tusi hata moja. Mwanafunzi anamheshimu mwalimu wake mwanzo hadi mwisho, na bado anamwambia kila kitu. Katika miaka 200 ya mwanzo ya chuo cha Dartmouth, wenyeji asilia waliohitimu walikuwa 19.

Miaka baada ya kurudi kutoka Uingereza ilikuwa migumu. Hakuwa na mshahara wa uhakika. Mwaka 1769 alijishtaki mwenyewe mbele ya presbiteri kwamba amelewa. Wazee wakachunguza na kukuta kwamba alikunywa kidogo baada ya kushinda na njaa kutwa nzima, wakamfutia hatia. Maadui zake waliendelea kuisema habari hiyo kwa miaka mingi, bila kuutaja uamuzi wa presbiteri.

Septemba 1772, Moses Paul, Mwampanoag aliyehukumiwa kunyongwa huko New Haven kwa kumuua Mzungu wakati wa ulevi, alimwomba Occom aje amhubirie siku ya kifo chake. Umati mkubwa ulikusanyika, Wazungu na wenyeji pamoja. Occom alihubiri juu ya dhambi na mauti yanayowahusu watu wote. Kisha akawageukia wenyeji wenzake akasema nao juu ya pombe, jinsi inavyowanyang'anya mashamba na watoto wao, na hakuwaacha salama wale wanaowauzia. Hotuba hiyo ilichapwa mwaka huohuo, ikapigwa chapa mara nyingi, hata ikatafsiriwa kwa Kiwelsh. Ndicho kitabu cha mwanzo kabisa kwa Kiingereza cha mwandishi mwenyeji wa Marekani kuenea kwa kiasi hicho. Mwaka 1774 alitoa pia kitabu cha nyimbo za kiroho.

Mwaka huo wa 1774 jina lake lilitokea tena magazetini kwa njia nyingine. Phillis Wheatley, binti aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston, akawa mshairi, alimjibu barua yake. Occom alikuwa ameandika kuwalaumu wachungaji wanaomiliki Waafrika. Wheatley, ambaye alikuwa ametoka utumwani muda mfupi tu, alikubaliana naye na kueleza kwamba Mungu ameweka katika kila moyo wa binadamu upendo wa uhuru. Barua hiyo ilichapishwa katika magazeti kadhaa ya New England. Mmohegan na Mwafrika, wote wawili Wakristo waliofunzwa na Wazungu, walikuwa wakiandikiana juu ya unafiki wa walimu wao, miaka miwili kabla ya tangazo la uhuru wa Marekani. Naona inafaa kila mwanafunzi wa historia ya kanisa aijue barua hiyo.

Kuanzia mwaka 1773 Occom, mkwewe Joseph Johnson na wenzao walikuwa wakikutana na wawakilishi wa vijiji saba vya wenyeji wa Connecticut, Rhode Island na Long Island. Kila mahali ardhi ilikuwa imekwisha. Wazo lao lilikuwa Wakristo wa vijiji hivyo wahame pamoja, waende kwa Waoneida waombe mahali pa kuishi, wajenge mji wao, wenye shule yao, kanisa lao na uongozi wa kuchaguana wenyewe. Waoneida walikubali, na Oktoba 1774 wakawapa ardhi. Vita vya uhuru vikaingilia kati. Occom aliwaandikia wenyeji wenzake akiwasihi wasijitie katika ugomvi wa Waingereza na makoloni yao. Wengi hawakuweza kukwepa, na vijana wa vijiji vile waliuawa kwa idadi ya kutisha.

Vita vilipokwisha walianza safari. Tarehe 7 Novemba 1785, huko katikati mwa New York, walikutana wakaunda mji rasmi, wakauita Brothertown, wakachagua viongozi. David Fowler, yule shemeji aliyeandamana naye kwa Waoneida miaka 24 nyuma, alikuwa miongoni mwao. Occom, ambaye maisha yake yote alikuwa ameomba mshahara, ruhusa na radhi kwa watu wengine, sasa alikaa katika mkutano ambao hapakuwa na mkubwa wa Boston wala wa Lebanon. Alihamia huko kabisa mwaka 1789, na makanisa ya Brothertown na kijiji jirani cha New Stockbridge yakawa chini ya uangalizi wake.

Hata huko ardhi haikutulia. Walowezi walifika wakitaka kukodi mashamba, na baadhi ya wakazi wakawakodisha kwa tamaa ya fedha za haraka. Occom, mzee wa miaka zaidi ya 60, alipeleka malalamiko kwenye bunge la jimbo la New York akitaka ukodishaji ukomeshwe. Alikuwa bado katika ugomvi huo alipofariki dunia tarehe 14 Julai 1792. Zaidi ya wenyeji 300 walihudhuria mazishi. Aliyehubiri alikuwa Samuel Kirkland, mmisionari Mzungu, mwanafunzi mwenziwe katika mikono ya Wheelock.

Baadhi ya shajara, barua na hotuba zake zilibaki katika maktaba ya chuo cha Dartmouth kwa miaka mingi. Watafiti walikuwa wakienda kuzisoma huko, mbali na watu wake. Tarehe 27 Aprili 2022 rais wa chuo alisafiri hadi Mohegan na kuzikabidhi kwa kabila.

Watu wa Brothertown hawakukaa New York. Walowezi waliwabana tena, na katika miaka ya 1830 wakahamia Wisconsin, ufukweni mwa Ziwa Winnebago. Mwaka 1839, wakihofia kufukuzwa kwenda magharibi zaidi, waliomba na kupewa kwa sheria uraia wa Marekani pamoja na hati za mashamba yao. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilikataa kuwatambua kama kabila, ikisema sheria ile ya 1839 ilikata uhusiano wao na serikali na kwamba ni Bunge pekee linaloweza kuurejesha. Tangu hapo dai lao wamelipeleka Bungeni.